Santuri ya Pili ya Babu Ghalib

Tumu, uko? Nimetoka kwa babu Mikindani sasa hivi. Natamani ardhi inimeze.

Unaijua ile santuri aliyoirekodi, ya gitaa la umeme, ya mwaka wa sitini, inayopigwa kila harusi. Leo nimeipata ya pili kwenye simu, ya sitini na mbili. Nikasema nimfurahishe mzee.

Gitaa likaanza, wallahi ni lile lile. Mapigo yale yale. Nikaimba maneno ya ile ya kwanza, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti.

Babu akaweka kikombe chini. Akasema, "Ndivyo walivyofanya."

Kumbe mwenye studio alimwambia asiguse kitu kwenye muziki, ile ya kwanza imeuzika. Babu akabadilisha maneno tu. Bibi alikuwa amefariki mwaka ule, na yale maneno hakuwa na pengine pa kuyapeleka.

Santuri ilipotoka akaenda hoteli moja Changamwe, akaagiza chai, akaomba ipigwe. Hoteli nzima ikaimba maneno ya zamani juu ya yale mapya. Wakampigia makofi. Yeye kakaa katikati ya watu wote wale, peke yake, hadi chai ikapoa. Hakurekodi tena.

Na mimi leo nimeimba juu ya maneno yake, Tumu. Mbele yake.

Nikairudisha mwanzo, nikanyamaza. Ubeti wa kwanza tu, anamwita bibi kwa jina. Johari.

Jina nililopewa mimi. Ndilo nililolifunika kwa sauti yangu.