Koti la Harusi ya Mwende

Nicodemus, nimedhalilishwa kanisani mchana huu. Bado siamini.

Yalikuwa mazoezi ya harusi ya mjukuu wangu Mwende. Mimi ndiye niliyetakiwa kumsindikiza hadi madhabahuni. Wajua pumzi zangu hazijarudi tangu niugue korona. Nilipofika katikati, nikashika benchi nipumzike.

Mwende akacheka! "Babu, korona iliisha zamani. Vua hiyo barakoa, wakwe watadhani tunawaletea mgonjwa."

Tunawaletea mgonjwa! Mtoto niliyemlea mwenyewe!

Nikaivua. Kikohozi kikanishika.

Akamwita mwanangu Bonface ashike nafasi yangu. Kisha akasema, "Babu, mpe na koti. Limeshonwa lifanane na gauni langu."

Nikalivua, Nicodemus. Limemkaa Bonface vizuri kuliko lilivyonikaa mimi.