Triko ya Kaka Bahati

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Masisi tuko wazima. Nyanya yako amevuna maharagwe na anakutaja kila siku. Wewe uliye huko Ulaya kwenye baridi, umeniuliza sisi huku tulivaa nini tulipowinda milimani.

Siku moja nilipanda mulima na kaka yangu Bahati, nimevaa koti nzito. Akaniambia, "Toa koti kwanza, utalowa jasho." Sikumusikia. Tulipokaa kimya kuvizia, jasho likapoa mwilini na meno yakaanza kugongana. Hapo nguruwe wa pori akatokea mbele yetu. Bahati akanitazama, akaweka mukuki chini na kuvua triko yake ya sufu, iliyokuwa kavu kwa sababu aliibeba mukononi tulipopanda. Nguruwe akakimbia.

"Vaa hii."

"Na wewe?"

"Mimi nitapata joto tukitembea."

Kwa hiyo, mupenzi, vaa nguo nyepesi mbili ao tatu, uvue moja kabla hujatoka jasho, na ubebe ingine kavu.

Jioni mama alituuliza nyama iko wapi. Bahati akajibu, "Leo hatukuona kitu." Sijamuambia muntu mwingine ukweli huo, ila wewe.

Nakukumbatia sana,
Babu yako