Ncha Mbili Sikuzitumia Popote

Shosti, uko wapi? Usiingie darasani kwanza!

Profesa kaniumbua mbele ya watu. Nimemaliza ule uthibitisho ubaoni, kwamba grafu isiyokatika, yenye ncha zote mbili, ya mwanzo na ya mwisho, lazima iwe na kikomo, yaani haiwezi kupaa bila mwisho. Nikaweka chaki chini kwa madaha.

Akauliza polepole, "Hizo ncha mbili umezitumia mstari gani?"

Nikasoma juu mpaka chini. Hakuna. HAKUNA! Sharti lenyewe sijaligusa.

"Kwa hiyo hata zikikosekana, kikomo kipo?"

Na mdomo wangu huu: "Ndiyo, Profesa. Daima."

DAIMA! Nani alinituma?

Akavuta ubao wa nyuma. Grafu yangu ya juzi, ile aliyonisifia, haikatiki popote, ila haina ncha ya kushoto na inapaa juu bila kikomo. "Na hii ni ya nani?"

Yangu. Kwa mwandiko wangu!

Nilitamani ardhi inimeze. Akauliza, "Umefanya na nani?" Nikajifanya nafuta ubao.

Sasa anasahihisha kazi tulizokusanya jana, za uthibitisho huohuo. Kashika yako. Anasoma huku anatabasamu.

Shosti, niambie ukweli, uliponakili yangu ulibadilisha hata neno moja?