Wimbo wa Nailoni na Godoro Lako

Nyumbani kwa mama, chumba cha mbele
Jumapili, nguo bado ziko kambani

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na hao watoto, ambao kila nikiwaona kwenye picha wamerefuka kama wanavutwa na kamba, wanakula vizuri? Sisi huku wazima, tunasukuma siku. Goti langu tu ndilo linaninung'unikia, lakini mdomo uko imara, namshukuru Mungu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ipo. Kwenye simu mama anajibanza pembeni anasikiliza kila neno. Haya nayotaka kukwambia hayamfai kusikia.

Kwanza nikuchekeshe. Huko kwenu umefika huu wimbo mpya wa yule mwimbaji wa vijembe? Huku unapigwa kila kona, na saluni kwetu ndio usiseme. Anamsema mwanamke anayefunika kila kitu chake kizuri. Unakwenda hivi:

Kochi umelivika nailoni, mgeni kakaa kateleza,
Vikombe umevifungia, chai wanywea kwenye kopo,
Mama wee, vyote hivyo wamtunzia nani?

Tulicheka sisi wasusi, mpaka mteja mmoja akatoka na mistari imekwenda upande. Wote tukajua anaimbwa mke wa fundi saa, maana yule kwake hata rimoti ameivalisha mfuko. Na mwenyewe alikuwepo, kakaa kwenye kiti anasukwa, anacheka kutushinda: "Jamani, kuna watu wana vituko!" Nilibana mbavu, mdogo wangu, nilitaka kufa.

Basi nikarudi nyumbani, nafua huku naimba. Mama akaniita.

"We, hebu rudia hapo."

Nikarudia. Akacheka, akacheka, mpaka kikohozi kikamkamata nikamkimbilia na maji. Kilipomwachia akatulia, akaniangalia.

"Huyo kaniimba mimi."

"Mama, wewe kochi unalo?"

"Nina godoro."

Hapo nikaacha kufua. Unalikumbuka lile godoro ulilonunua ulipokuja mara ya mwisho? Ukatania mlangoni, begi liko mkononi, ukasema asililalie mtu, utalizindua mwenyewe ukirudi na mkeo. Wewe ulitania. Mama hakuuchukua kama utani. Tangu siku ile chumba cha mbele kimefungwa, godoro liko na nailoni yake ya dukani, na yeye amelala chumba cha nyuma ambako ukuta unatoa maji kama unalia. Kikohozi hicho kimetoka huko. Nesi alishasema ahame kabla ya mvua. Kaka mkubwa kabembeleza, mimi nimefoka mpaka majirani wakatoka nje, jibu ni lile lile: "Hicho cha mwanangu."

Sasa siku hiyo ya wimbo, akanyanyuka mwenyewe akafungua mlango. Nikasema moyoni, kumbe mwimbaji anatibu kuliko nesi! Nikaingia mbio nikashika nailoni niichane. Akanidaka mkono.

"Acha. Wanaocheka wanadhani nailoni ni ya vumbi. Nikiitoa mimi, ni kama nimesema harudi."

Mimi na mdomo wangu huu, nikaiachia nailoni, nikamtandikia shuka juu yake. Waulize wote, haijawahi kutokea.

Toka hapo analala humo, juu ya nailoni. Shuka halikai, linateleza. Akijigeuza tu, kwaruu kwaruu, nyumba nzima tunajua. Asubuhi mgongo umelowa jasho. Kikohozi kimepungua, nasema kweli, ila amechoka na ameanza kutishia kurudi chumba cha nyuma, na mawingu ndio hayo yanakusanyika. Nikimwambia tuitoe ananijibu, "Mimi namshikia nafasi tu."

Siku hizi wimbo ukifika pale pa "wamtunzia nani", wenzangu wanapiga makofi. Mimi nashika kitana nakuona wewe.

Sikuulizi unarudi lini. Mambo ya huko unayajua mwenyewe, na usimdanganye kwa kumtajia tarehe. Mpigie yeye, sio mimi. Mwambie kwa sauti yako: mama, vua nailoni, lala, hapo ni pako, nikija nitalala popote. Mimi nimeyasema hayo mpaka koo limekauka, lakini mimi sio wewe.

Kaka mkubwa anakusalimu. Mjomba Kimya naye, ambaye bado anapiga kelele kuliko redio, anasema umemsahau. Wabusu watoto, waambie shangazi yao akiwashika atawasuka wote, hata wa kiume.

Ngoja niishie hapa, mama anakuja na kapu la nguo anauliza namwandikia nani. Nimemwambia mteja.

Mungu akufunike huko uliko, akupe usingizi mzuri, na mama naye apate wake.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako

Mkasi nimeuweka juu ya kabati la chumba cha mbele. Ukishaongea naye huna haja ya kunitaarifu, nitamsikia akiuulizia.