Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Chumba cha mbele, kwenye cherehani,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi, pamoja na heshima zote anazostahili dada mkubwa wa mke wangu. U hali gani? Kile kikohozi kimekuacha? Watoto na baba yao hawajambo? Sisi huku tupo. Ningeandika "wazima", lakini wewe hudanganyiki.

Mtoto hana neno. Ananyonya, analala, anapiga kelele, na lile paji la uso ni lako tupu.

Shida ni mdogo wako. Leo ni siku ya tisa tangu ajifungue kwa upasuaji. Kitanda nimekileta huku mbele ili asipande ngazi, na bado kushuka kitandani ni kazi: mguu mmoja, anatulia, mguu wa pili, anatulia, halafu anashika ukingo wa meza yangu ya kukatia na kufumba macho. Nikimpa mkono anasema subiri. Nikisubiri anauliza mbona nimesimama tu. Nimeshona nguo za watu miaka kumi na saba, na nguo ikifumuka najua pa kuanzia. Huu mshono mmoja umenishinda, hata kuutazama naogopa. Nashukuru tu kwamba homa hana na kidonda ni kikavu.

Halafu kuna mdomo wangu. Hukuniita Redio bure. Siku ya pili hospitali nilimwigiza daktari anavyotembea, mdogo wako akacheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo. Muuguzi akanifukuza wodini kama kuku aliyeingia jikoni. Tangu hapo utani ni marufuku, na jirani ameshauliza kama tumegombana.

Muuguzi huyo huyo alinielekeza vizuri: vidonge vya maumivu asubuhi, mchana na jioni, asingoje mpaka azidiwe, kwa sababu maumivu yakipungua atatembea, na akitembea atapona upesi. Akasema pia kwamba hivi alivyopewa havimdhuru mtoto anayenyonya. Basi nikawa nampa mwenyewe, kwa saa, na glasi ya maji, najiona hodari kweli kweli.

Jana nilikuwa natafuta vifungo vyeupe vya shati la mteja. Nikatia mkono kwenye kopo lililo kando ya kitanda chake, nikatoa kidonge. Nikalimwaga kopo lote mezani. Vilikuwa kumi na vinne, vingine vimeanza kumomonyoka. Kumbe alikuwa anavibana chini ya ulimi, nikigeukia cherehani anavitia humo.

Nilimuuliza kwa upole. Akasema, "Dawa inaingia kwenye maziwa. Unataka mwanangu anywe nini?"

Nikamkumbusha maneno ya muuguzi.

"Muuguzi hayupo hapa. Na wewe hunyonyeshi."

Nikaanza kuviokota vifungo. Usiku na mchana anauma ncha ya shuka ili sauti isimwamshe mtoto, na mimi niko hatua nne, nakanyaga cherehani nijifanye sioni. Inaniuma mno.

Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Angesikia kila neno. Wewe ulipasuliwa mara mbili, ukanyonyesha wote wawili, na yeye ndiye aliyekuwa akikuletea maji ya kumezea dawa. Lako atalisikia. Barua ikifika tu, mpigie. Usimwambie kwamba nimemsemea.

Nisalimie sana mumeo na yule mtundu wako wa mwisho. Mama naye msalimie, ila usimweleze mengi, asije akakosa usingizi. Mungu awaweke, na awape afya ya kutosha hata ya kutugawia sisi.

Nilikuwa nimeshaikunja barua, nimeifungua tena. Sasa hivi mdogo wako amejikalisha mwenyewe kitandani, akaubana mto tumboni kwa mikono miwili, akaniita. "Haya, nimeshika mto. Nichekeshe, lakini kidogo tu. Nimechoka na huu ukimya."

Nikafungua mdomo. Shemeji, halikutoka neno hata moja. Amenisubiri mpaka mikono ikamchoka, akauweka mto pembeni, na amelala ameupa ukuta uso.

Mpigie.

Ni mimi nikupendaye,
Redio.