Vipande Vinne Kutoka Likasi

Dar es Salaam, 12 Januari 2025

Papa mpendwa,

Habari za nyumbani? Goti la Mama linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanimaliza. Nakuandikia kwa mkono kama unavyotaka, kwa kuwa unasema kazi iliyosemwa kwenye simu haina shahidi.

Vile vipande vinne vya nikeli ulivyovipaka kobalti vimenitoa machozi ya furaha. Unajua ninachotafuta: kichocheo cha bei ndogo, ili umeme utoe hidrojeni kwenye maji bila kutumia madini ghali kama platini. Vyako vinagawa maji kwa umeme mdogo kuliko vyote tulivyowahi kupima.

Nitumie vingine sita, vilevile kabisa, kwa lori la Gauthier. Nisipoweza kurudia matokeo haya kabla ya mwisho wa Septemba, nafasi yangu atapewa mwingine nami nitarudi bila shahada. Profesa anauliza: kuna chuma kilichoingia kwenye dawa yako ya kupakia kobalti? Anasema chuma kidogo tu hubadilisha kila kitu. Nijibu ukweli, Papa.

Binti yako,
Marcelline

Likasi, 3 Februari 2025

Mama Marcelline,

Nakusalimu wewe uliyebeba jina la mama yangu. Huku tuko salama. Goti la mama yako limeacha kuvimba.

Vipande sita hivi hapa. Mwambie Profesa wako kwamba nilifanya miaka ishirini na saba katika elektrolizi, kusafisha kobalti kwa umeme, na chuma kilikuwa adui yangu wa kila siku. Kikiingia kidogo, kobalti inakataliwa na zamu nzima inafokewa. Katika kazi yangu hakuna chuma, nakuapia.

Papa yako,
Barthélemy

Dar es Salaam, 20 Aprili 2025

Papa,

Shikamoo, na poleni na mvua. Sina habari nzuri. Vile sita havifanyi kazi. Nimebadilisha maji, nimebadilisha potasi tunayotia kwenye maji, nimesugua vyombo mpaka vidole vimechubuka. Vinne vya kwanza vinafanya kazi hadi leo, lakini hivi sita vinakula umeme kama pasi.

Profesa alitaka kimoja cha vile vinne kikatwekatwe, kipelekwe kupimwa chuma. Nilikataa. Nilimwambia baba yangu ameapa. Nimechoka na nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Kuna kitu ulibadilisha?

Binti yako,
Marcelline

Likasi, 11 Mei 2025

Mama,

Amani kwako. Hiyo shikamoo yako ni ya watu wa pwani, sisi huku haitulishi. Barua yako nimeisoma mara mbili na haikunipendeza. Sikubadilisha kitu. Usiseme ni umeme wa bwawa la Mwadingusha kukatika, mimi natumia betri ya gari. Labda maji yenu yana chumvi. Labda Profesa ana mikono mibaya. Aliyesoma vitabu asimfundishe kazi aliyenusa asidi.

Natuma vingine sita, visafi kuliko vyote.

Papa yako,
Barthélemy

Dar es Salaam, 2 Agosti 2025

Papa,

Nawasalimu wewe na Mama. Vile vya mwisho navyo ni bure. Vimekuwa kumi na viwili. Nimetafuta kosa kila mahali isipokuwa kwako. Nafasi yangu inaisha tarehe thelathini Septemba. Sikuulizi tena.

Binti yako,
Marcelline

Likasi, 24 Agosti 2025

Mama yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Georgette, mama yako, alisoma barua yako akaniambia mbele ya jirani yetu Berthe: "Weye Barthélemy, miye nilikuona na ile pipa. Ambia mutoto ukweli. Iko anateseka kule juu yako."

Ni hivi. Siku nilipotengeneza vile vinne vya kwanza, beseni yangu ya plastiki ilikuwa kwenye kilio, msiba wa mume wa Berthe, watu wananawia mikono. Gauthier alikuwa anaondoka kesho yake. Nikachukua nusu ya pipa iliyo nyuma ya jiko, imejaa kutu, nikamimina dawa humo. Ilibadilika rangi, niliona. Mimi niliyekuwa shefu, mkuu wa zamu, kufanya uchafu namna hiyo! Niliona haya kukuambia. Vilivyofuata nilivifanya kwenye beseni safi, na kila ulipolalamika nilizidi kusafisha. Njia ya mwongo ni fupi, nami nimefika mwisho wake. Nisamehe.

Papa yako,
Barthélemy

Dar es Salaam, 6 Oktoba 2025

Papa,

Natumaini nyote ni wazima. Barua yako ilikwama na lori mpakani Kasumbalesa wiki nne. Nimeipata juzi, nikiwa nimeshakabidhi ufunguo wa maabara. Siku ile ulipoandika ungenipigia simu, Papa. Shahidi wa nini tena?

Niliomba niingie maabara siku moja tu. Nilitia chuma kidogo sana kwenye dawa mpya, kiasi cha kukaa kwenye ukucha. Maji yakagawanyika kama zamani. Profesa alifurahi kweli. Akasema mwanafunzi aliyechukua nafasi yangu ataanzia hapo, na jina langu litaandikwa kwenye shukrani. Kisha akaniuliza kwa nini nilikataa vipimwe mwezi wa nne. Nilisema kosa ni langu. Sikukutaja.

Pipa la kutu halina ubaya. Ungeniambia, ningecheka na kukuomba uendelee nalo. Kinachoniuma ni kwamba uliogopa nitakudharau, ukaniacha nipotee miezi minane.

Barua hii inatangulia kwa lori jingine. Mimi nakuja na Gauthier, tutafika Likasi karibu Jumamosi ya tarehe ishirini na tano. Naomba Mama aje kunipokea barabarani, na aje peke yake.

Bado binti yako,
Marcelline