Nyayo za Mlangoni

Nje ya Hilliard, Februari

Jemutai wangu,

Mji wa Buffalo umekupokeaje? Huku mdosi mwenye ng'ombe amefurahi, maana nimenasa koyote wawili, wale mbweha wa huku, na ndama hawaliwi tena. Kuwatega si kazi. Mbwa wa nyumbani hutangatanga kwenye theluji, lakini koyote hunyoosha njia, hageuki nyuma.

Asubuhi ile ulipoondoka bila kuniaga nilikuwa mitegoni. Niliporudi nilizisoma nyayo zako. Ulifika kwenye gari, ukarudi mlangoni, ukasimama mpaka theluji ikashindiliwa chini ya buti zako. Ulikuwa unaningoja?

Leo theluji imeyeyuka yote. Zimebaki nyayo zako za mlangoni tu, zimekuwa barafu, zimeelekea ndani. Napitia mlango wa nyuma nisizikanyage.

Ni mimi,
Kipkoech